Damu ya Mkamwana

Jumatatu, 6 Mei 1996

Dawa za Mzee nimeziweka kwenye kisahani kama kawaida. Kidonge cha presha, cha kukojoa, na kile chekundu cha damu. Maji kwenye kikombe cha bati. Nimeweka sinia chini mlangoni mwa chumba chake, nikabisha, nikarudi jikoni. Shangazi, dada yake Mzee, akafungua, akachukua. Ndivyo tunavyoishi tangu Pasaka.

Mzee ni baba yake Masanja, mume wangu. Jina lake silitaji, na hata hapa siliandiki ingawa hakuna anayesoma. Kwao, Wasukuma wa boma la Sibwesa, mkamwana hamtaji baba mkwe, hampi mkono, hali naye, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Kwetu Wakonongo heshima ipo, lakini si ya kukimbizana hivi. Kule Sibwesa kwenye ng'ombe zao nafasi ni kubwa, unaweza kumkwepa mtu mwaka mzima. Hapa Mpanda mjini nyumba ni vyumba viwili na sebule. Nikitaka kwenda chooni nakohoa kwanza.

Masanja yuko njia ya Inyonga na lori la tumbaku. Binti yetu Neema yuko huko huko Inyonga kwa mama yangu, afadhali. Mimi nimebaki na cherehani, sare za shule, shangazi yao, na mgonjwa nisiyeruhusiwa kumtazama.

Naogopa. Sijui hata naogopa nini hasa. Nasikia anavyohema nyuma ya ukuta.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kliniki. Mzee mbele na fimbo yake, shangazi katikati, mimi nyuma kabisa. Alisimama kupumzika mara nyingi. Na mimi nasimama huko nyuma, najifanya natoa kokoto kwenye kandambili.

Daktari ni kijana, mpole, ana macho ya mtu ambaye hapati usingizi. Alitaka mtu wa kumwelewa vizuri. Kiswahili cha Mzee ni cha mnadani, cha shangazi hakifiki hata huko. Wao wakatoka nje, nikaingia mimi.

Figo za Mzee zimechoka na hazitapona. Hiyo nilishaijua tangu Masanja alipompeleka Tabora kwa treni. Nilichokuwa sijui ni kwamba figo ndiyo inayotuma habari kwenye uboho wa mifupa kwamba damu itengenezwe. Figo ikiugua, habari haiendi. Uboho unakaa tu. Na hata hiyo damu kidogo inataka madini ya chuma, na kwa wagonjwa wa aina hii chuma cha vidonge hakipiti vizuri tumboni. Ulaya ipo sindano inayofanya kazi hiyo ya figo. Hapa haipo. Hapa kuna vidonge, vikishindwa kuna sindano za chuma, na hali ikiwa mbaya ni kuongezewa damu.

Akasema kile chekundu, kidonge cha chuma, asikimeze kwa chai wala maziwa, maana hivyo vinazuia chuma kuingia. Halafu kila asubuhi mtu avute ngozi ya chini ya jicho la Mzee, aangalie ndani. Pakiwa pekundu, sawa. Pakipauka, aletwe siku hiyo hiyo, moyo wake hautastahimili.

Aliniambia ni mimi wa kuangalia, kwa sababu nimeelewa. Nikasema ndiyo. Nimetoka nje najiuliza nimesema ndiyo kwa nani. Jicho la Mzee! Mimi!

Nilishindwa kumweleza. Ningeanzia wapi? Angeniona mpumbavu, au mtu asiye na adabu. Vyote viwili vinaniuma.

Jumapili, 12 Mei

Kazi ya jicho nimempa shangazi. Nimemwonyesha kwa jicho langu mwenyewe mara kadhaa mpaka akacheka. Ni kaka yake, atamshika anavyotaka.

Leo asubuhi nilisubiri jikoni. Akatoka anajifuta mikono, akaniita mama kwa Kisukuma chao. "Pekundu, mayu. Pekundu kabisa."

Nimepumua. Kanisani nimeimba kwa sauti mpaka jirani yangu akanigeukia.

Jumatano, 15 Mei

Pekundu tena leo. Pekundu jana. Basi kwa nini Mzee anapumzika katikati ya uwanja akienda chooni? Uwanja wenyewe ni huu wa kufulia nguo.

Mchana jamaa wa Sibwesa kapita, kaleta maziwa kwenye dumu. Nikaona kikombe cha bati kinarudi kutoka chumbani na utando mweupe. Nikamuuliza shangazi. Kumbe kila asubuhi maji yangu anayamwaga dirishani. Vidonge vinashushwa na maziwa, na yakikosekana ya Sibwesa ananunua kwa yule mama wa karibu na stesheni. Nikamwambia lakini daktari alikataza, na mimi nilikuambia. Akasema alisikia. Ila yeye ni mdogo kwa kaka yake, na hakuna mtu aliyewahi kumkataza Mzee maziwa tangu aanze kuchunga. Alisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Nimekasirika mpaka sindano ya cherehani imenikatikia. Wiki zote hizi chuma kimepita kama maji ya mfereji. Na siwezi kuingia mle ndani nikasema neno. Naongea na ukuta. Ukuta wenyewe wa udongo.

Jumanne, 21 Mei

Leo nimepata hofu ambayo haijawahi kunishika.

Shangazi alikuja barazani kunisogezea siku. Huwa anakaa hapo ananifungia vifundo vya nyuzi. Nikamwomba anitungie uzi kwenye sindano ya mkono, mimi nilikuwa nakanyaga mshono mrefu. Akaishika. Akaipeleka juani, akaipeleka kivulini. Uzi ukawa unapita pembeni, mbali na tundu, yeye anaendelea tu kwa subira. Nikamwambia aache, anipe kibunda cha uzi mweupe. Akanipa wa kijivu.

Nikamgeuzia uso kwenye mwanga. Macho yote mawili yana ukungu. Mtoto wa jicho. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka juzi, ila haoni aibu maana njia za kwao anazijua kwa miguu.

Na jicho la Mzee je? Akanirudishia sindano. Kisha akasema anayeumwa ni kaka yake, na mtu hawezi kumtazama kaka yake kila asubuhi akamwambia umepauka. Alisema pekundu kwa sababu alitaka pawe pekundu.

Siwezi hata kumgombeza. Mimi ninayeona vizuri ndiye niliyejificha jikoni.

Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, Mzee apende asipende. Wakati ananawa bombani nimeiba kutazama viganja vyake kwa mbali. Rangi ya unga wa muhogo.

Jumatano, 22 Mei

Hatukuwahi kwenda kwa miguu. Mzee alitoka kuota jua, akashika nguzo ya baraza, akaketi chini taratibu, kisha akalala ubavu. Nilimwona. Nilikuwa hapo hapo kwenye cherehani. Nikasimama nikashindwa kumgusa. Nikaita majirani. Mikono yangu hii, nilikuwa nimeining'iniza tu, huku baba wa watu amelala kwenye vumbi.

Nimejichukia leo.

Wakambeba kwa mkokoteni wa maji. Hospitali wakamtoboa kidole, tone la damu wakalidondoshea kwenye karatasi nyeupe, wakalilinganisha na rangi zilizochapwa, kuanzia nyekundu iliyoiva mpaka iliyofifia. Daktari alinionyesha mwenyewe. Tone la Mzee lilikuwa la mwisho kabisa kule chini, na hata pale lilikuwa hafifu. Niliwahi kuona chai ya rangi nzito kuliko hiyo.

Anahitaji damu. Friji ya damu ni tupu. Leteni ndugu, akasema.

Shangazi amekaa sakafuni karibu na kitanda. Mimi nimekaa nje ya wodi, upande wa dirisha. Hata leo.

Alhamisi, 23 Mei

Nilituma habari jana kwa watoto wa kaka yake Mzee wanaolima tumbaku njia ya Katumba. Wamekuja na baiskeli, vijana wawili wenye vifua. Nikashukuru Mungu mapema mno. Yule wa maabara akawaeleza kwamba damu hupimwa kwanza magonjwa yote, pamoja na huu ukimwi. Mmoja akasema anakwenda kununua soda. Hajarudi. Mwingine alipimwa, kundi la damu yake halikubaliani na la Mzee. Alitoka anatabasamu kama mtu aliyesamehewa kifungo, kisha akaona aibu akalia.

Masanja nimemtumia ujumbe kwa dereva mwenzake. Anaweza kuupata kesho, anaweza kuupata wiki ijayo.

Shangazi ni mzee mno. Basi nani? Nilimuuliza daktari: na mimi je? Akasema kwa nini isiwe wewe. Hajui. Yeye ni wa Mbeya, anaona mke wa mtoto, mtu mzima, mnene kiasi. Haoni kitu kingine.

Wamenitoa damu ya kupima. Majibu kesho.

Sasa nina hofu mbili. Ya kwanza ni mume wangu, dereva, analala njiani. Sijawahi kumuuliza analala wapi. Ya pili, nikiwa salama, damu ya mkamwana inaingia kwa baba mkwe. Sijui mila inasemaje juu ya hilo. Nadhani haisemi kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza upumbavu kama huo.

Mchana sikula. Maharage yameungua.

Ijumaa, 24 Mei

Niko salama. Yule wa maabara alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayenirudishia chenji. Na damu yangu, anasema, ni ya kundi linaloingia kwa kila mtu.

Nimemwomba daktari asimwambie Mzee ni ya nani. Akanitazama, akakubali kwa sasa.

Wamenitoa damu. Haikuuma sana. Chupa ilikuwa ya moto nilipoigusa, hilo sikulitegemea.

Kisha nikarudi kwenye dirisha langu la nje. Nikaona chupa imetundikwa, mrija unashuka, mkono wa Mzee umelala juu ya shuka. Ule mkono sijawahi kuushika hata siku ya harusi. Nilitazama mpaka chupa ikaisha. Sikuona aibu. Niliona hofu tupu, kwamba mwili wake utaijua na kuikataa.

Haukuikataa. Jioni aliomba uji.

Jumatatu, 27 Mei

Masanja amefika, amejaa vumbi la Inyonga kichwani. Alikwenda wodini kwanza, akamkuta baba yake ameketi, akarudi anacheka. Nikamwambia damu ilitoka kwa nani. Kicheko kikaisha. Akakaa kwenye ngazi akafungua viatu akavifunga tena.

Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema daktari na yule wa maabara, na shangazi nadhani anahisi. Akasema libaki hivyo. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema asante, lakini aliviambia viatu.

Ijumaa, 31 Mei

Daktari ameamua vidonge basi, aanze sindano za chuma. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kujaribu, maana kuna watu miili yao inaikataa kwa ghafla na wanaweza kufa hapo hapo. Wakamkalisha wakamwangalia. Masanja alikuwa ndani, mimi dirishani, nimeshika nondo kwa mikono yote miwili. Hakikutokea kitu. Mzee alipiga miayo.

Leo ameruhusiwa kurudi nyumbani, sindano ataendelea kuzifuata. Dawa yenyewe ni nyeusi kama oili chafu, inachomwa ndani sana kwenye tako, na inaacha doa. Shangazi ananiambia Mzee analalamika kwamba wanampiga chapa kama ng'ombe wa serikali. Nimecheka jikoni peke yangu. Jana alipiga mluzi. Huyu mtu ana maneno, na miaka yote hii sijayasikia.

Jumapili, 2 Juni

Furaha imekatika.

Daktari alimwambia Masanja ukweli. Damu niliyotoa itakwisha kazi yake, chembe za damu nazo hufa. Chuma cha sindano kitasaidia huo uboho kwa kiasi, ila figo haitatuma habari ya kutosha tena. Atahitaji damu siku nyingine. Na daktari hataki kumwongezea mtu mwenye akili zake timamu damu asiyojua imetoka kwa nani, akiwa ameuliza.

Kwa sababu Mzee ameuliza. Alitaka kujua ni nani ampelekee shukrani.

Masanja kasema atamwambia kesho. Namjua. Kesho yake ni ndefu.

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi amemwambia. Masanja alikuwa anazunguka zunguka maneno tangu asubuhi, anaongelea bei ya tumbaku, shangazi akachoka akasema kwa Kisukuma maneno machache. Nilikuwa jikoni. Nilielewa.

Nilingoja Mzee akemee, hakukemea. Kisha nikasikia fimbo inagonga sakafu, anatoka nje. Amekaa uwanjani mchana wote, amegeukia barabara. Chakula kimerudi kama kilivyokwenda.

Shangazi akaja. "Amesema bora mngemwacha pale chini."

Sikulia mbele yake.

Jumanne, 4 Juni

Ameondoka. Amepanda gari la mizigo la Sibwesa, na shangazi nyuma yake na kibuyu. Sindano hajamaliza. Daktari ameniuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyemfukuza.

Nina hasira. Naandika hivyo wazi. Nimetoa damu ya mwili wangu, nimepimwa na moyo mkononi, na sasa mimi ndiye uchafu. Angekufa kwa heshima, basi. Heshima ingemzika vizuri.

Halafu hasira inashuka nakumbuka ule mkono juu ya shuka. Sitaki afe. Sikujua kwamba nampenda mzee huyu. Nampenda kwa kusikia tu, kikohozi chake na mluzi.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna habari. Nashona. Nimeshona mkono wa kushoto kulia mara mbili.

Nimekuwa na kizunguzungu nikiinuka. Joto hili.

Ijumaa, 14 Juni

Jamaa wa maziwa kapita. Mzee yupo, anakaa chini ya ukuta wa zizi. Hachungi tena. Akisema neno anapumzika ndipo amalizie. Nilimuuliza midomo yake ina rangi gani, akanishangaa. Midomo ni midomo, akasema.

Masanja ataondoka kesho na lori kumfuata. Nimemwambia asirudi bila yeye. Sikuwahi kumwamuru mume wangu kitu kwa sauti ile. Amesema sawa.

Jumatatu, 17 Juni

Amerudi bila yeye.

Amerudi na ng'ombe. Mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe begani, katikati ya magunia matupu ya tumbaku. Majirani wametoka wote. Nilidhani Masanja amechanganyikiwa.

Alinikalisha ndani akanieleza. Wazee wa kwao walikaa kikao siku mbili. Wengine walitaka Mzee atakaswe kwa dawa, wengine walisema mkamwana arudishwe kwao. Mmoja akauliza hiyo damu itatolewaje sasa. Damu ikishaingia haitoki. Wakaona njia iliyopo ni ile ya zamani ya kulegeza ukwe: baba mkwe anatoa mnyama wake mwenyewe, mkamwana anampokea, na kuanzia hapo wanaweza kuonana. Mzee ndiye aliyechagua mnyama. Masanja anasema alizunguka zizi lote kwa fimbo, anahema, anakataa kusaidiwa.

Swali lilikuwa kama nitampokea. Nilitoka nje nikashika kamba.

Nimemfunga kwenye mti wa barazani. Amekula kola ya sare ya mtoto wa mtu.

Alhamisi, 20 Juni

Mzee amekuja na gari la asubuhi. Alishuka akasimama, akanyoosha mkono. Nikaushika. Ni mwepesi, mkavu, wa baridi. Akasema mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, kama tunaonana kwa mara ya kwanza, nami nikaitikia kwa Kisukuma changu kibovu. Hakuna aliyejua afanye nini baada ya hapo. Akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akainua uso. Nilielewa. Nikavuta ngozi ya chini ya jicho.

Peupe. Peupe kama ndani ya ganda la yai.

Nikamwambia: "Baba, ni peupe. Twende leo."

Akasema twende.

Hospitali nikajitolea tena. Daktari akakataa katakata, haijapita hata mwezi mmoja. Akavuta ngozi ya jicho langu mimi, mbele ya Mzee, akatikisa kichwa. Nimepauka. Akasema mwanamke wa umri wangu akiba yake ya chuma huwa ndogo, na mimi nimeitoa kisha nikakaa siku za kutokula kwa wasiwasi. Na mimi nimepewa vidonge. Kizunguzungu kumbe si joto.

Basi Masanja akakunja mkono wa shati. Alitoka jasho mpaka kwenye nyusi. Tulisubiri majibu yake kwenye benchi, mimi na Mzee kwenye benchi moja, tumeachana nafasi ya mtu mmoja. Niliomba sala zote ninazozijua. Mzee hakujua naomba nini. Labda alijua.

Masanja yuko salama, na damu inakubali. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi.

Jumamosi, 22 Juni

Chupa imeingia vizuri. Sindano za chuma zimeanza upya. Daktari hakuahidi kitu. Alisema tutakwenda nayo hivi, miezi, labda mwaka, labda zaidi, tukiwa makini. Mzee aliuliza swali moja tu, kama chuma hicho kinatoka ardhini au kwa wazungu. Daktari akasema chote kinatoka ardhini. Akaridhika.

Leo amerudi nyumbani. Vidonge vyake vya presha amemeza na maji. Nilimwambia mwenyewe. Alikunja uso, akameza.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya misa Masanja alipitia buchani, akaleta maini. Ya baba, akasema. Nikayakaanga na kitunguu, bila chumvi, maana chumvi Mzee amekatazwa. Nikaweka sahani mezani na ugali, nikageuka kurudi jikoni. Miguu bado ina mazoea yake.

Akaniita. Mkamwana. Nikasimama mlangoni.

Akasukuma sahani upande wa kiti kitupu. Akasema daktari alimwonyesha jicho langu. Masanja akaanza kusema baba hayo ni yako, mgonjwa ni wewe. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Kaa. Kula wewe kwanza."

Nimekaa. Sijawahi kutafuna mbele yake. Kipande cha kwanza nilikitafuna kwa aibu, nimeinamia sahani. Yeye akageuza kiti kidogo, akawa anatazama nje mlangoni, kule kwa ng'ombe, akaanza kumuuliza Masanja habari za malisho. Akaongea polepole, muda mrefu, bila kugeuka.

Nimekula yote.